Nani Anamchekesha Mama Chapa

Kicheko kimoja tu ndicho kilichokuwa kikimkata maini Makochi. Hakikuwa kicheko cha jirani wala cha mteja. Kilikuwa cha mke wake mwenyewe, na kilitoka dirishani mwa chumba kinachotazama uani karibu kila siku ya kazi, yeye akiwa chini pale na nyundo mkononi na misumari mdomoni. Kilianzia puani, mke akijaribu kukibana. Kisha kikamponyoka. Kisha kimya, kama mtu aliyejiziba mdomo kwa kiganja. Makochi akiinua kichwa anaona mgongo wa kompyuta, na nyuma yake utosi wa mkewe umeinama, basi.

"Unacheka nini?" humwuliza kutoka uani.

"Hamna, baba nanii. Kazi tu."

Kazi! Hebu niambieni, kazi gani hiyo ya kumchekesha mtu mzima mpaka anafuta machozi? Makochi alikuwa na kazi tangu ujana wake na haikumchekesha hata siku moja.

Alikuwa fundi wa makochi, hodari, mzito wa kununa. Watu walimwita Makochi naye aliitika bila kinyongo, kwa sababu hakuona utani ndani yake. Kwenye ufundi hakuwa na masihara hata chembe. Kiti kikishakwisha hakukitoa mpaka akikalie vile atakavyokikalia mwenye kiti. Mwenyewe mnene? Makochi anajifunga sponji tumboni kwa kamba, anajitupa kwa kishindo, anatega sikio kusikia springi zinasemaje. Mwenyewe bibi wa magongo? Anashuka kidogo kidogo, mkono kiunoni, anaguna, "Uuuh, mgongo wangu mie," halafu anainuka anaongeza sponji pale palipomuumiza. Siku hizo alikuwa na kiti kikubwa cha hakimu, na alikuwa akikikalia kwa hasira za kihakimu, amekunja uso, anapiga mkono wa kiti na kufoka, "Kimya mahakamani!" Hakuna kiti chake kilichowahi kurudishwa na mteja. Na ole wako ungemwambia kuna la kuchekesha hapo.

Mkewe walimwita Mama Chapa. Watu walimletea mikutano yao iliyorekodiwa, mahojiano, maelezo ya mawakili, naye alivaa hedifoni, akasikiliza, akaandika neno kwa neno. Alikuwa mwepesi wa vidole na mzito wa ulimi. Wateja walimpenda zaidi kwa hilo la ulimi, maana aliyoyasikia masikioni mwake hayakufika mtaani. Mwanasheria mmoja aliwahi kusema angemkabidhi Mama Chapa siri zake kabla ya kumkabidhi ndugu yake wa tumbo moja.

Meza ya kompyuta aliiweka Makochi mwenyewe pale dirishani. Alisema ni kwa ajili ya mwanga. Mwanga wapi! Alitaka awe anamwona mke wake kutwa nzima, maana Makochi, ukimtoa kazini, alikuwa mtu wa wivu mpaka wa aibu. Muuza mkaa akisalimia kwa sauti nzuri, Makochi anataka kujua ameipata wapi sauti hiyo. Sasa fikiria mtu wa namna hiyo, umempa mke mwenye hedifoni masikioni, anayeongeleshwa na wanaume asiowaona, na anacheka.

Basi wivu ukamkaa kooni. Chakula hakikupita. Akawa anagonga msumari anakosa, anagonga kidole. Jambo alilolitaka duniani lilikuwa moja: amjue anayemchekesha mke wake, kabla huyo mtu hajamchukua kabisa.

Mama Chapa alipotoka kwenda kupeleka kazi za watu, Makochi alinawa gundi mikononi, akaingia ndani kwa kunyata, nyumbani kwake mwenyewe, ananyata kama kibaka. Alikaa kwenye kiti cha mkewe. Alinusa mtandio uliotundikwa hapo, kama una harufu ya kigeni. Haukuwa nayo. Alivaa hedifoni, akabonyeza, akangoja sauti ya huyo mwanaume mtamu. Akasikia wazee wa kamati fulani wakibishana kuhusu mitaro ya maji machafu. Akasikiliza mitaro mpaka ikamwisha subira. Hakuna mwanadamu anayeweza kuchekeshwa na mitaro ile, kwa hiyo, akajiambia, yule mwenyewe anafichwa vizuri zaidi.

Akarudi tena siku nyingine, na nyingine. Na siku moja ndipo kisanduku kilipochomoza katikati ya kioo cha kompyuta, chenye rangi nyekundu na moyo uliopasuka: *Je, unajua mwenzi wako anazungumza na nani? Jua leo. Bure. Bonyeza NDIYO.*

Makochi alihisi kama kimeandikwa jina lake. Akabonyeza Ndiyo. Kikauliza tena kama ana hakika, na kama anaruhusu hiki na kile, maneno mengi madogomadogo. Nani ana muda wa kusoma? Ndiyo, ndiyo, ndiyo! Kikapotea. Akangoja. Hakikurudi. Hakikumwambia lolote kuhusu mtu yeyote. Makochi akasonya, akafuta kiti kwa kiwiko ili kisibaki na unyuzi wa sponji, akarudi uani kumalizia kochi la watu. Lakini hakuacha: kila mkewe alipotoka alinyata tena, akanusa, akasikiliza, akapekua droo.

Haukupita muda, kompyuta ikaugua.

Ilianza kwa uzito. Mama Chapa anaandika, maneno yanafika baadaye kama yametembea kwa miguu. Kisha vijisanduku vikaanza kurukaruka kila kona: umeshinda zawadi, punguza tumbo, wanawake wapweke wanakusubiri. Feni ya ndani ikawa inavuma hata mashine ikiwa haifanyi kitu. Halafu likaja lenyewe. Yule mwanasheria alipiga simu, na sauti yake haikuwa ile ya siku zote. Alikuwa amepokea ujumbe wa ajabuajabu kutoka kwenye anwani ya Mama Chapa, na chini yake kimebandikwa kipande cha maelezo ya siri ya mteja wake.

"Mama Chapa, nilikuamini," alisema, akakata.

Mama Chapa alitoka ndani akaja uani akilia. Alikaa juu ya kochi lisilo na kitambaa, kwenye springi tupu, wala hakuhisi.

"Baba nanii, nisamehe," alisema. "Nimeharibu. Kuna kitu nimebonyeza, sijui kipi, sijui lini. Nawaza na kuwaza, sikumbuki. Kazi imekwisha hii. Nani ataniletea siri zake tena?"

Na sasa ndipo ninapotaka kumshika Makochi masikio. Kwa sababu alijua. Labda hakujua sawasawa, lakini kile kisanduku chekundu kilimjia machoni palepale. Angesema neno moja tu. Badala yake alitoa misumari mdomoni, akakohoa kidogo, akamsamehe!

"Ndivyo mnavyokuwa," akasema kwa upole wa mtu mkubwa. "Unabonyezabonyeza bila kusoma. Lakini basi, yameshatokea. Nimekusamehe, mke wangu."

Mama Chapa akamshukuru. Jamani, akamshukuru.

Ikabaki kutafuta fundi. Mama Chapa alisema kuna kijana pale duka la kutoa fotokopi, mpole, anasifiwa.

"Kijana gani?" Makochi akaruka. "Mwenye mashati ya kubana yule? Hakanyagi hapa!"

"Lakini baba nanii, ni virusi tu anakuja kutoa."

"Hata kama anakuja kutoa mapepo."

Alizunguka mwenyewe mji mzima akitafuta fundi wa kompyuta mwanamke, akawa anaulizia kwa kificho, hadi watu wakaanza kumwangalia vibaya. Akampata: Dada Waya, mama wa makamo, mpana wa mabega, mfuko wa ngozi begani na chingamu mdomoni. Sauti yake ilikuwa ya kuuzia mitumba. Makochi alimtazama juu mpaka chini, akaridhika.

Dada Waya aliingia, akavuta kiti, na kabla ya chochote akachomoa waya wa intaneti.

"Kwanza tunafunga mlango," alisema, "ili kilichomo humu kisiendelee kupeleka umbea nje. Pili, siiwashi kwa nguvu zake yenyewe. Naiwasha kwa flashi yangu, maana mgonjwa hajipimi mwenyewe. Dada, kazi zako umeziweka wapi? Tutazitoa, tuzikague moja moja. Shemeji, niletee maji ya kunywa."

Makochi akaleta maji. Hakurudi uani. Alisimama nyuma ya viti vya wale wanawake, akajifanya anakagua fremu ya mlango.

Kazi ikaanza. Mstari wa kijani ukawa unatambaa kwenye kioo, unasimama, unatambaa tena. Kila ulipogonga kitu, mashine ililia tii, na Dada Waya alisoma kwa sauti kama mtu anayeita wagonjwa. "Huyu ni wa matangazo. Huyu naye wa matangazo, pacha wake. Huyu anageuza kurasa. Toka! Toka na wewe!" Mama Chapa alianza kupumua. Hata alitabasamu kidogo. Kisha mashine ikalia kwa mlio mwingine, na Dada Waya akaacha kutafuna.

"Dada," alisema, "hawa wengine ni wadudu tu. Huyu ni jasusi."

"Jasusi?"

"Programu ya kupeleleza. Inanakili unachoandika. Nyaraka zako ndizo alizokuwa anazituma. Na huyu hakuingia kwa kuvunja. Alipiga hodi, akauliza kama anaruhusiwa, na mtu akamwambia karibu. Tena zaidi ya mara moja."

"Ni mimi," Mama Chapa akawahi kusema. "Nitakuwa ni mimi tu, mwingine nani? Mume wangu hata kuiwasha hii hajui."

Makochi akakuta pana ufa kwenye fremu ya mlango, akaukagua kwa bidii sana. Dada Waya aligeuka, akamtazama mgongoni kwa muda, akarudi kwenye kazi yake. Chingamu ikaanza tena taratibu.

"Kuna la pili," alisema. "Hiki kijicho hapa juu ya kioo, hii kamera. Jasusi wako alikuwa anaitumia. Kila baada ya muda anapiga picha. Anaziweka stoo humu ndani, kisha anazituma. Ngoja... naam, stoo hii hapa. Zimo bado."

Mama Chapa aliuvuta mtandio, akajifunika kifua. "Picha zangu?"

"Zako, na za yeyote aliyewahi kukaa kwenye kiti hiki. Ushauri wangu, tusizifungue. Nafuta folda nzima, nafuta na jasusi mwenyewe, tunabadilisha nywila zako zote kwa kutumia simu, tunabandika plasta kwenye kamera, mambo yanakwisha. Ukianza kuziangalia utakosa usingizi bure."

"Futa, dada yangu," Mama Chapa alisema. "Futa."

"Hakuna kufuta!"

Wote wawili waligeuka. Makochi alikuwa ameshaacha mlango na ufa wake. Sikio lake lilikuwa limeshika neno moja tu, picha, na hayo mengine yote ya yeyote aliyekaa kwenye kiti yalipita nje. Wivu ndivyo ulivyomfanya, ulimpa macho ya kuona mbali na kumziba ya kuona karibu. Miezi yote ile alikuwa anatafuta ushahidi, kumbe ushahidi unapigwa picha!

"Fungua," alisema. "Tuone zote. Humu ndani kuna mtu anayemchekesha mke wangu kila siku, na leo nitamjua."

"Shemeji, tulia."

"Nimetulia! Nimetulia kupita kiasi! Fungua!"

Mama Chapa alimtazama mume wake kwa namna ambayo sijui niiiteje. Haikuwa hasira bado. "Ndicho kinachokusumbua siku zote hizi?" aliuliza polepole. "Kucheka kwangu?"

"Mtu hachekei hewa!"

"Haya," akasema. "Mfungulie, dada. Aone zote."

Dada Waya akainua mabega, akafungua. Picha zikajipanga kioo kizima, zile za karibuni zikiwa mbele na za zamani nyuma. Zilikuwa picha za kawaida kabisa, na ukawaida huo ndio ulitisha. Mama Chapa anapiga miayo. Mama Chapa anamenya chungwa. Mama Chapa amefunga macho, hedifoni masikioni, anajaribu kusikia neno. Mama Chapa analia, siku ile ya mwanasheria. Makochi alizipitia kwa pupa, shingo imemtoka.

"Hiyo!" akapayuka. "Simama hapo!"

Mama Chapa alikuwa anacheka. Kichwa kimeenda nyuma, mashavu yamejaa, kiganja kiko njiani kwenda mdomoni. Picha ya pili anacheka. Ya tatu analia kwa kucheka. Makochi hakuwa amemwona hivi tangu siku za uchumba, na moyo ulimuuma kwa uzuri wa mke wake. Alitamani alie. Uzuri wote ule alikuwa anapewa mtu mwingine!

"Sasa sema," alisema. "Nani huyo?"

Dada Waya ndiye aliyeisogelea picha, akaikuza mpaka uso ukajaa kioo.

"Shemeji, mimi ni fundi tu, lakini mbona hedifoni ziko shingoni? Hakuna anayeongea naye hapa. Na macho haya hayatazami kioo. Yanatazama juu ya kioo."

"Juu ya kioo kuna nini?"

"Hilo wewe ndiye wa kutuambia. Kaa."

Alimwachia kiti. Makochi akakaa. Akanyanyua macho juu ya kompyuta, hapo hapo mke wake alipokuwa akitazama, na dirisha likampa uani. Akaona nyundo yake chini. Akaona kiti cha hakimu katikati kabisa, kama kimewekwa jukwaani, na ile kamba yenye sponji la tumbo imening'inia kwenye mkono wa kiti.

Alikodoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

"Mimi?" alisema.

"Nani mwingine?" Mama Chapa alisema, na kicheko kile kile kikaanza kumpanda puani. "Unajifunga tumbo la sponji, unaketi, unanifokea kimya mahakamani, wakati mimi huku niko na wazee wa mitaro! Na yule bibi wa magongo wako, Mungu wangu! Siku unamjaribu bibi niliharibu ukurasa mzima."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia ungeacha. Nakujua. Ungejinunia na kufanya mambo yako kwa siri nyuma ya choo. Ndiyo maana nilikuwa nainama." Akafuta jicho kwa pembe ya mtandio. "Kuna siku kazi inanichosha mpaka nataka kuitupa hii mashine nje. Nanyanyua macho, nakuona umekuwa hakimu. Najisemea, basi, mimi nina bahati."

Kama kuna siku Makochi alikaribia kuichekea kazi yake, ni hiyo. Mdomo ulimcheza. Mzigo wote ule ulimtoka kifuani, akajiona mwepesi, mjinga, na mwenye furaha kuliko wajinga wote. Mwanaume aliyekuwa akimwinda alikuwa yeye! Alitaka kumshika mkewe mkono, fundi asingekuwepo angemshika.

"Basi," alisema. "Yamekwisha. Dada Waya, futa."

"Aa, ngoja kwanza," Mama Chapa alisema, akicheka bado, mkono wake ukiwa juu ya kipanya. "Si umesema tuone zote? Mimi nataka za siku ya bibi wa magongo."

"Futa tu, mke wangu, za nini?"

"Na wewe! Zimebaki chache."

Ndipo neno la Dada Waya lilipomrudia Makochi, lile alilolipuuza. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye kiti hiki. "Imetosha!" alisema, akanyoosha mkono kuzuia. Lakini Mama Chapa alikuwa mwepesi wa vidole, hilo nilishalisema.

Picha iliyofuata haikuwa yake. Alikuwa Makochi, ameketi kwenye kiti kile kile, pua yake imezama kwenye mtandio.

Mama Chapa alidhani ni mzaha. Alicheka nusu, akasogeza mbele. Makochi na hedifoni masikioni, macho yamefinywa, anasikiliza siri za watu walizomkabidhi mke wake peke yake. Makochi ameinamia droo. Makochi anatazama nyuma ya bega lake, mlangoni. Na uso! Hakukuwa na hakimu hapo wala bibi wa magongo. Ulikuwa uso wa mtu anayetamani akute jambo baya.

Kicheko kilikufa chenyewe. Alisogeza mpaka picha ikagoma kwenda mbele zaidi. Hiyo ndiyo ilikuwa ya mwanzo kabisa kwenye stoo. Makochi, karibu kabisa na kamera, misumari mdomoni, kidole kimeinuliwa.

"Hii ni ya kwanza," Mama Chapa alisema. "Kabla ya hii hakuna."

Dada Waya alikuwa ameanza kukunja nyaya zake, ambazo hazikuhitaji kukunjwa. "Huwa inaanza pale pale inaporuhusiwa," alisema bila kumtazama mtu. "Inampiga picha aliyebonyeza."

Mama Chapa aliachia kipanya.

"Mke wangu," Makochi alisema, "nilikuwa natafuta tu..."

"Ulikuwa unatafuta. Hilo nimeliona." Sauti yake haikupanda. Afadhali ingepanda. "Wivu wako naujua, nimeolewa nao. Umenifungia kwenye dirisha hili nikanyamaza. Umemfukuza muuza mkaa nikanyamaza. Lakini mimi nilikuja pale uani nikakuomba msamaha. Nikalia mbele yako. Nikawa nakesha nawaza nimebonyeza nini, mimi nimebonyeza nini! Na wewe ukanisamehe."

Makochi aliinuka, akamwachia kiti.

"Kesho naanza kuwapigia wateja, mmoja mmoja," Mama Chapa aliendelea. "Lazima wajue vitu vyao vimetoka. Wataniuliza jasusi aliingizwa na nani."

"Sema ni bahati mbaya."

"Nitasema ni mume wangu." Akamgeukia fundi. "Dada, futa. Zote. Na zile zangu za kucheka."

"Hizo ni nzuri, naweza kukuhifadhia..."

"Zote."

Dada Waya akafuta. Mstari wa kijani ukatembea mara ya mwisho kutoka mwanzo mpaka mwisho bila kulia hata mara moja. Alibadilisha nywila, akabandika plasta kwenye kijicho cha kamera, akawaambia kompyuta yao sasa ni nzima na wasiwe wanasema ndiyo kwa kila kinachouliza. Makochi alimsindikiza mpaka barabarani. Alipokuwa anaondoka tu, Dada Waya alimgusa bega akasema, "Pole, shemeji," na pole ile ilimwingia kuliko tusi.

Asubuhi, akiwa uani, alisikia kitu kizito kinaburutwa ndani. Alijua mlio wa kila samani ya nyumba ile, hiyo ilikuwa meza. Alikimbilia dirishani ili asaidie. Mama Chapa alikuwa ameshamaliza. Meza iliegemea ukuta wa pili, kioo cha kompyuta kilitazama dirisha, na yeye alikuwa akivuta kiti akae mbele yake, mgongo kwa uani. Sasa kila alichokuwa akiandika kilionekana wazi kutoka nje, herufi kwa herufi.

"Hivi utaona vizuri," alisema bila kugeuka. "Hutahitaji kuingia ndani." Akavaa hedifoni.

Makochi alirudi kwenye kiti cha hakimu. Kilikuwa kinachukuliwa siku hiyo hiyo. Alijaribu kugonga msumari ambao haukuhitaji kugongwa. Akatazama dirishani: shingo ya mke wake, waya wa hedifoni, na maneno ya watu yakijipanga kwenye kioo kwa utulivu. Hakutaka hata kuyasoma.

Akajifunga sponji tumboni. Akajitupa kitini kwa kishindo, akakunja uso, akapiga mkono wa kiti kwa nguvu kuliko siku zote.

"Kimya mahakamani!" alifoka.

Alitega sikio. Ndani vidole viliendelea kugonga herufi, ta-ta-ta, bila kukosea. Makochi akabaki amekaa na tumbo lake la sponji, akimngoja mke wake acheke.